Mustang, GTO, Camaro, Chevelle au Charger: gari lipi la misuli ununue likiwa limeshakarabatiwa?

Sumaku ya friji ndiyo iliyoniokoa. Nilikuwa nimeendesha kwa muda wa saa 3 kwenda kuona Chevelle nyekundu, rangi inang'aa mpaka unayaona meno yako. Muuzaji akaniapia kwamba limefunguliwa lote na kufungwa upya, skrubu kwa skrubu. Nikaizungushia sumaku leso nisije nikakwaruza rangi, nikaanza kuipitisha ubavuni. Mlangoni ikanasa. Nilipofika juu ya tairi la nyuma ikadondoka kama embe bivu. Pale hapakuwa na bati, palikuwa na puti. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikamshukuru yule bwana, nikarudi nyumbani na dola zangu.

Haya Wamarekani huyaita magari ya misuli: bodi ya gari la kawaida la familia, ndani imepachikwa injini kubwa ya V8, yaani ya silinda 8. Enzi yake ilikuwa fupi. Wengi huihesabu kuanzia Pontiac GTO ya 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bima ilipopanda, sheria za moshi zikabana, na 1973 nchi za Kiarabu zikafunga mafuta.

Nimeyapanga kwa ajili ya mtu anayetaka kuliendesha Jumapili, si wa kulifungia banda akisubiri mnada. Nimetazama spea, gharama, na urahisi wa kujua kama gari ni lenyewe au limevishwa nembo za mwenzake. Mbio sikuzipa uzito. Yote yanakimbia, na kituo cha mafuta kitakujua kwa jina.

1. Ford Mustang V8, 1965 hadi 1968

Wapo watakaokwambia Mustang si gari la misuli, ni kijifarasi tu, yaani gari dogo la kimichezo. Waache. Ford iliizindua tarehe 17 Aprili 1964 New York, na kabla ya miaka 2 kutimia zaidi ya milioni moja yalikuwa yametengenezwa. Wingi huo ndio faida yako leo: kuanzia kitasa cha mlango hadi sakafu nzima, kila kitu kinauzwa kipya. Kwa baadhi ya miaka hata bodi kamili unaagiza.

Kulithibitisha ni rahisi pia. Soma herufi ya tano ya namba ya chesisi. T ni silinda 6; A, C na K ni V8 ya inchi 289 za ujazo, na K ndiyo kali na ghali kuliko zote. Kisha hesabu nati za tairi. La silinda 6 lilitoka kiwandani na nati 4, la V8 na nati 5. Ukikuta V8 imekalia nati 4, mtu alibadilisha injini akasahau kwamba ekseli na breki nazo zilipaswa kubadilishwa.

Ugonjwa wake mkubwa umejificha chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingizia hewa. Kutu ikishakula pale, mvua inashukia miguuni kwa abiria, na kulitibu kunahitaji bati likatwe na kuchomelewa upya. Omba ndoo ya maji, mimina kwenye matundu hayo, kisha pitisha mkono chini ya zulia. Muuzaji akikataa, amekujibu. Mimi nilinunua ya 1966, herufi C, baada ya kumwaga ndoo 2.

2. Pontiac GTO, 1966 na 1967

General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa na sheria ya ndani iliyokataza injini kubwa kwenye magari ya ukubwa wa kati. Mhandisi John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakapenya kwenye upenyo mdogo: injini ya inchi 389 ikauzwa kama nyongeza tu ya Tempest, gari la kawaida la Pontiac, si kama gari jipya. Ujanja huo bado unawasumbua wanunuzi. Kwenye GTO za 1964 na 1965, namba ya chesisi haikuambii kama ni GTO au Tempest iliyovalishwa. Kuanzia 1966 ikawa gari linalojitegemea na namba yake huanza na 242. Ndiyo maana naanzia hapo. La 1967 nalipenda zaidi, kwa sababu ya injini ya inchi 400 na breki za diski za mbele kwa aliyezilipia. Breki za ngoma zikishika moto mteremkoni, hutasahau.

Omba nakala ya kumbukumbu za kiwandani kutoka Pontiac Historic Services. Karatasi hiyo ni nafuu kuliko tairi moja.

3. Chevrolet Camaro, 1967 hadi 1969

Spea ni tele kama za Mustang. Tatizo ni kwamba namba ya chesisi inayoanza na 124 inakwambia V8 tu. Kama ni SS au Z/28, matoleo yake ya kasi, haisemi. Z/28 za mwaka wa kwanza zilikuwa 602 tu. Bila karatasi za kiwandani, lipa bei ya Camaro ya kawaida.

4. Chevrolet Chevelle SS

Kati ya 1966 na 1968, SS huanza na 138. Baadaye ikawa nyongeza, na hapo ndipo walaghai walipopata shamba. La 1970 lenye injini ya inchi 454 aina ya LS6, nguvu za farasi 450, linaigwa sana. Karatasi ya kiwandani mara nyingine hukutwa juu ya tangi la mafuta. Mwombe fundi alishushe.

5. Dodge Charger, 1968 hadi 1970

Kwa macho yangu hakuna zuri kulishinda. Moyo unapenda, mfuko unakataa. Spea za bodi ni ghali, na lenye injini ya Hemi ya inchi 426 hupita dola 100,000. R/T halisi, toleo lake la kasi, ina XS29 mwanzoni mwa namba. XP29 ni Charger isiyo R/T.

Kwa lolote kati ya haya, dai picha za ukarabati bodi ikiwa tupu, kabla ya rangi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu injini baridi ndiyo inayosema moshi wake. Uliza limeishi wapi: Arizona ni kukavu, Michigan barabara humwagiwa chumvi kila baridi, na chumvi huleta kutu. Kuanzia 1968 tarakimu za mwisho za chesisi zinapaswa kuwa zimegongwa pia kwenye injini. Zikitofautiana gari litakimbia vilevile, ila bei ishuke.

Jamaa zangu wa Nairobi huniuliza kama naweza kuwatumia moja Mombasa. Kenya haipokei magari yaliyozidi miaka 8, na usukani wa kushoto hauandikishwi ila kwa magari ya kazi maalumu. Nawatumia picha.