Miaka mitatu na lori la jeshi M35A2: injini raha, breki jasho

Nililinunua mnadani hapa Ohio kwa dola 5,800, na nikatoa 900 nyingine kulisafirisha juu ya trela kwa sababu betri zote mbili zilikuwa zimekufa. Mke wangu alisimama mlangoni likishushwa, akaniuliza kama bunduki zake zinaletwa kesho.

Kibao cha kwenye dashibodi kinasema AM General, 1972. Wamarekani huliita Deuce and a Half, wakimaanisha tani mbili na nusu, japo huo ni mzigo wake wa porini. Kwenye lami limeruhusiwa tani tano. Mimi ni mtoto wa Tanga, baba yangu alikuwa fundi wa malori ya Bedford ya mashamba ya mkonge, kwa hiyo nilijua ninachokitafuta: gari lisilo na kompyuta, ambalo likigoma nafungua boneti nauona ugonjwa kwa macho.

Upande huo halijaniangusha. Injini ni silinda sita, lita 7.8, yenye turbo, na ilisanifiwa kula karibu chochote: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli kwa shida. Kuna wenzangu wanaoilisha oili chafu waliyoichuja wenyewe. Mimi nailisha dizeli tu, sina haja ya kuijaribu subira yake. Turbo inapiga mluzi kiasi kwamba watoto wa jirani hutoka nje kabla sijakata kona. Kubadilisha oili ni shughuli: inaingia karibu lita 21, filta za oili mbili, za dizeli tatu. Lakini kila kitu unakifikia kwa mkono, na vitabu vya jeshi vya ufundi, TM 9-2320-361, vinapakuliwa bure. Viliandikwa kwa ajili ya askari ambaye huenda hajawahi kushika spana, kwa hiyo vina michoro ya kila nati. Sijaona kitabu cha gari la kiraia kinachokaribia.

Mwendo usiutegemee. Linafika maili 56 kwa saa, nalo hapo linalia. Maili 9 kwa galoni ukiwa mpole. Usukani wa langu hauna pawa, na kuliegesha ni mazoezi ya mabega.

Sasa breki. Pedali inasukuma masta silinda, pampu ya mafuta ya breki iliyojificha chini ya sakafu ya dereva, halafu upepo wa kompresa ndio unaoongeza nguvu kwenye mafuta ya breki kabla hayajakwenda magurudumu yote sita. Asubuhi ukiwasha, king'ora kinakupigia kelele mpaka upepo ujae. Watu huzoea kudhani kwamba upepo ukijaa basi breki zipo. Tatizo ni kwamba njia ya mafuta ni moja tu. Paipu moja ikitoboka popote, umepoteza breki za mbele na za nyuma kwa pamoja.

Niliyejiita mtoto wa fundi nilikuwa nimeikagua injini wiki nzima, paipu nikazipitishia jicho tu. Mwezi wa pili, nikishuka taratibu kwenye mteremko wa nyumbani, nikakanyaga na pedali ikaenda hadi sakafuni kama nakanyaga sponji. Kilichoniokoa ni gia ya kwanza na handbreki, ambayo kwenye lori hili inakamata shafti nyuma ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma), haina habari na mafuta ya breki. Nilisimama hatua nne kutoka kwenye gari la mke wangu. Chini ya lori, paipu ya juu ya difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ilikuwa imeliwa na kutu. Chumvi inayomwagwa barabarani huku majira ya baridi haina huruma.

Nikaamua kubadilisha paipu zote, mipira yote ya breki, na silinda za magurudumu yote sita. Dola 640 na Jumamosi tatu. Humo ndani nilikuta mafuta ya zambarau, yaani DOT 5 ya silikoni, ambayo jeshi la Marekani lilihamia miaka ya 1980, na mimi nilikuwa nimeongezea DOT 3, mafuta ya breki ya kawaida ya dukani. Hazichanganyiki. Ilibidi nisafishe mfumo mzima kwa spiriti.

Kwenye kufungua magurudumu ndipo aibu yenyewe. Kulia nati zilitoka vizuri. Kushoto nikaweka bomba la mita moja na nusu kwenye spana, nikaning'inia, stadi (bolti inayoshika gurudumu) ikakatika. Ya pili ikakatika. Nikampigia baba kwa video.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mbona umelowa hivyo?”

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akakohoa. “Mwanangu, hata Bedford ilikuwa hivyo. Kushoto unafungua kama unafunga. Hebu futa hiyo stadi, utaona herufi.” Nikaifuta. Kuna L kubwa, ya left, imegongwa kwenye kichwa chake.

Tairi pia zina jambo lake. Ringi za asili zina duara la chuma linaloshikilia tairi, na likifyatuka wakati wa kujaza upepo linaua mtu. Duka la kwanza nililokwenda walikataa kugusa, na sikuwalaumu. Tafuta wanaotengeneza tairi za matrekta na malori ya zamani, wenye kizimba cha chuma cha kujazia.

Ningelinunua tena? Ndiyo, ila ningeweka pembeni dola 2,000 kabla ya kupandisha bei mnadani. Nalipatia nyota nne. Ya tano inasubiri masta silinda ya njia mbili niliyoiagiza, inayotenganisha breki za mbele na za nyuma.

Ukienda kuliangalia la kwako, chukua tochi na ulale chini yake kabla hata hujaomba liwashwe. Muuzaji akisema breki zimekaguliwa, mwambie akuonyeshe ile paipu ya juu ya difu ya nyuma, uipitishie kucha.