Soba ya Togakushi: tambi safi kabisa, ila maji yangu waliniminyia

Naanza na hasira, maana nikianza na sifa nitajikuta nimetoa nyota tano ambazo wale watu hawastahili.

Jina la mgahawa silitaji. Uko Togakushi, milimani juu ya mji wa Nagano, Japani, kama saa moja hivi kwa basi kutoka stesheni, upande ule wa hekalu la Chusha wenye miti mirefu ya mierezi. Huko migahawa ya soba, yaani tambi za unga wa nafaka iitwayo buckwheat, imejaa njia nzima. Bei, saa za kufungua, kama wanapokea kadi au la, hayo tafuteni wenyewe. Mimi nina habari moja tu ya kusema, nayo ni habari ya maji.

Kwa asiyejua: ukila soba ya baridi, ile ya kuchovya kwenye kikombe cha mchuzi, mlo hauishi tambi zinapoisha. Wanakuletea maji yaliyochemshiwa tambi, ya moto, yameingia weupe wa unga, ndani ya birika la mbao lenye rangi nyekundu inayong'aa. Yanaitwa sobayu, na hayalipiwi. Unayamimina kwenye mchuzi uliobaki, unakoroga kwa vijiti, unakunywa taratibu. Mchuzi wenyewe mtupu haunyweki kwa ukali wa sosi ya soya. Ukishakutana na maji yale unalainika, na ile harufu ya moshi ya katsuobushi inakupanda puani. Katsuobushi ni samaki wa jamii ya jodari. Wanamfukiza moshi na kumkausha mpaka hakatwi tena kwa kisu, anaparwa kwa randa. Mtoto wa pwani ukiinusa mara ya kwanza unajua uko kwa watu wanaojua samaki.

Sasa siku hiyo nilikuwa na mdogo wangu, amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Ilikuwa msimu wa soba mpya, baridi ndiyo inaanza kubisha hodi. Njia nzima kwenye basi namsimulia hayo maji. Namwambia, usimalize mchuzi, bakiza, utamu uko mwishoni. Naye kweli akabakiza. Mtu amekula trei nzima anachovya ncha tu, kwa nidhamu ambayo nyumbani hana.

Tumeweka vijiti chini, dada wa kuhudumia akatokea. Hakusema kitu. Akabeba trei, akabeba vikombe vyetu na mchuzi ndani yake, akaenda zake jikoni. Nikajua anarudi. Meza ya jirani walikaa mama na baba wa makamo, Wajapani, waliokuja nyuma yetu na wakamaliza nyuma yetu. Dada akatoka jikoni na lile birika jekundu, akapita mbele ya pua yangu, akaliweka kwao, na kichwa akainamisha.

Mdogo wangu akaniangalia. "Kaka, sasa hayo maji yetu yako wapi?"

Nikaita, "Sumimasen," yaani samahani. Nikaomba sobayu, kwa Kijapani, tena kile cha heshima. Dada akapunga mkono mbele ya uso wake, akacheka kidogo, akasema wageni huwa hawayapendi.

Huwa hawayapendi! Umeniuliza? Ni sawa na kualikwa pilau, halafu ukoko wenyeji wakagawana jikoni kwa hoja kwamba wewe hutauweza.

Nikamwambia sisi tunayapenda. Akaenda, akarudi na birika. Hilo nampa, alilileta, na lilikuwa la moto. Ila vikombe alivyoleta vilikuwa vitupu. Mchuzi ulishamwagwa kwenye sinki. Nikauliza kama tunaweza kupata mchuzi kidogo, akasema mchuzi wa ziada unalipiwa. Mdogo wangu akanywa maji ya unga matupu, akasema kwa adabu kwamba ni mazuri. Mimi nilikunywa kwa hasira tu.

Na ukishakasirika kila kitu unakikumbuka. Nikakumbuka kwamba mlangoni kuna karatasi ya kuandika jina ukisubiri meza, nami niliandika langu kwa katakana, zile herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, tena kubwa kubwa, mtoto wa chekechea angesoma, lakini zamu yetu ilipofika alitoka akasema "wageni kutoka nje". Nikakumbuka alituwekea uma mezani bila kuombwa. Hata chai nikaanza kuiona ilikuwa vuguvugu, ingawa sina hakika, huenda tuliichelewesha wenyewe kwa maneno.

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Shida ni yule mzee.

Pale mlangoni kuna kioo, na nyuma ya kioo mzee anakata tambi. Anakunja lile tandiko la donge mara kadhaa, anaweka kibao juu yake, na lile jisu pana analishusha pembeni ya kibao, taratibu, kibao kinasogea chenyewe kidogo kila anapokata. Hainui kichwa hata mkijazana kumtazama. Na kinachotoka pale, wallahi, sijala kingine cha hivyo. Togakushi hawakurundikii tambi. Wanazipanga vifungu vifungu, vidogo, juu ya ungo wa mianzi wanaousuka huko huko, na maji ya kusuuzia hawayakung'uti sana, kwa hiyo zinakuja zinameta. Rangi ya kijivu yenye vidoa vyeusi. Nilikula kifungu cha kwanza bila mchuzi. Kina pembe, unazisikia kwenye ulimi, halafu harufu ya nafaka inakuja nyuma, kavu, na utamu mdogo sana baada ya kumeza. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amekwishaulizia kama kuna wali, alinyamaza. Baadaye akajifunza kuvuta tambi mdomoni kwa sauti, maana huko si utovu wa adabu, na akaifurahia ruhusa hiyo kupita kiasi.

Basi nyota nne kwa mzee. Lakini mzee naye anasikia! Kioo hakizuii sauti, na niliomba yale maji si kwa kunong'ona. Angeweza kusema neno. Hapana, tatu. Ingawa mtu akiwa na jisu lile mkononi pengine ni vizuri asigeukegeuke.

Jambo moja kabla sijasahau: ndugu zangu Waislamu, mchuzi wa soba kwa kawaida unatiwa mirin, kiungo kitamu cha mchele cha kupikia, na mirin ina kileo, kwa hiyo ulizeni mapema. Na kama mna mtu mwenye mzio wa soba, mwacheni nje akatazame miti.

Wakati wa kulipa dada alitushukuru kwa kuinama mpaka chini, kwa uso wa mtu asiye na habari kabisa kwamba kuna lolote limetokea. Hilo ndilo lililonimaliza. Angeninunia ningejua pa kumweka.

Mkienda, mkimaliza tambi shikeni kikombe. Shikeni kwa mikono miwili, msikiachie hata mkiulizwa kama mmemaliza, mpaka birika liwe juu ya meza. Mimi mwakani naenda kwa jirani yao, mlango unaofuata, nimeshamwambia na mdogo wangu. Tatizo nilichungulia pale wakati tunasubiri basi, na tambi zao zinakatwa kwa mashine.