Tulihama Meza Mara Moja: Uzoefu Wangu Katika Baa ya Muziki wa Bendi

Nilikwenda kwenye baa hii Ijumaa iliyopita pamoja na rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye kwa miaka 11 tulikuwa tukisalimiana kwa simu tu. Tulikuwa na haja mbili ambazo hazikai pamoja kwa urahisi, yaani kusikiliza bendi ikipiga jukwaani na kuzungumza. Ninawaandikia hasa wale wenye haja hizo mbili, kwa sababu anayekwenda kucheza tu sidhani kama atakuwa na la kulalamikia.

Tulifika mapema, tukalipa kiingilio mlangoni, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa bado mtupu tukajichagulia meza ya mbele kabisa, hatua nne kutoka jukwaani, tukijiona wajanja. Wimbo wa kwanza ulipoanza ndipo tulipoelewa kwa nini wateja walioizoea baa hiyo walikuwa wamekwenda kukaa nyuma. Spika kubwa ya upande wa kushoto ilikuwa imetuelekea moja kwa moja, na kila mpiga dramu alipokanyaga ile dramu kubwa ya mguu, kinywaji changu kilitetemeka ndani ya glasi. Nilimwinamia rafiki yangu na kumwuliza, "Mama hajambo?" Akanijibu kwa sauti ya juu, "Nililiuza mwaka juzi!" Kumbe alidhani ninamwuliza habari za gitaa lake la besi, maana enzi za ujana wetu yeye ndiye aliyekuwa akiungurumisha besi katika bendi ya shule.

Nilifungua programu ya kupima sauti katika simu yangu, ambayo najua si kipimo cha kuaminika sana, ikaonyesha desibeli 102. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kumbi za burudani mwaka 2022 lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 100, na hata hicho ni kiwango cha juu. Kwa kanuni inayotumiwa sana katika usalama kazini, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu, kwa hiyo ukifika 100 zimebaki dakika 15 tu. Bendi ilipiga saa nzima bila kupumzika. Uongozi ungeweka hata vizibo vya masikio pale kaunta, nisingekuwa na neno.

Baada ya wimbo wa pili tulimwomba mhudumu atuhamishe, naye akatupeleka kwenye meza ndogo ya nyuma, jirani na fundi mitambo anayesimamia sauti, akituomba radhi kwamba ni kona isiyopendwa na watu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo meza bora kuliko zote. Fundi husawazisha vyombo kwa jinsi anavyovisikia yeye mahali alipokaa, kwa hiyo aliyekaa karibu naye husikia muziki kama ulivyokusudiwa. Kule mbele besi ilikuwa imemeza maneno ya mwimbaji, ilhali hapa nyuma niliweza kulitenganisha gitaa la solo na la ridhimu, na saksafoni ikasikika bila kukwaruza. Simu yangu sasa ilionyesha 93, kiasi ambacho mtu anaweza kusema sentensi fupi na ikafika.

Bendi yenyewe ni nzuri kweli. Kulikuwa na kosa moja tu la wazi, pale mwimbaji aliposhuka jukwaani na maiki akapita mbele ya spika, maiki ikainasa sauti iliyotoka humohumo na kuirudisha, ikazunguka hivyo mpaka ukapigwa mluzi uliowafanya watu washike masikio. Fundi aliishusha kabla sijamaliza kukunja uso. Rafiki yangu hata hakushtuka. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikitembea kwenye ukingo wa meza, viwili kwa zamu, sambamba na besi. "Huyu bwana anachelewa kidogo makusudi," aliniambia. "Angalia dramu inavyomsubiri." Mimi nisingeligundua hilo peke yangu, lakini baada ya kuambiwa sikuweza kusikiliza kitu kingine.

Lalamiko langu kubwa linahusu mapumziko. Bendi iliposhuka, ziliwekwa nyimbo za kurekodiwa kwa sauti ileile ya bendi, jambo ambalo sikuliona kuwa na maana, kwa sababu mapumziko ndiyo nafasi pekee ya watu kusemezana. Tulipomweleza mhudumu alikwenda kumnong'oneza fundi, sauti ikashushwa mara moja, na meza za jirani nazo zikaanza kuvuma kwa mazungumzo. Hapo ndipo nilipoelezwa vizuri jinsi gitaa lilivyouzwa, kwa nani, na kwa nini hakuniambia. Baadaye alikwenda kumsalimu mpiga besi, wakajadili nyuzi, kwa kuwa yule bwana hupenda nyuzi zilizochakaa ambazo mlio wake ni mzito na hauna makali. Alipewa gitaa alishike kidogo. Alilipapasa bila kuliunganisha na spika, akalirudisha kwa mikono miwili.

Huduma ilikuwa ya haraka. Bili ilikuja na vinywaji viwili vya meza nyingine, lakini ilirekebishwa bila mabishano. Nitarudi, ila nitapiga simu kwanza na kuiomba ile meza ya fundi mitambo, nami nakushauri ufanye hivyo kama unakwenda na mtu mliyepoteana siku nyingi.

Tulipotoka masikio yangu yalikuwa bado yakivuma, na tulikuwa tumekwisha kufika getini nilipokumbuka kwamba swali langu la kwanza halikuwahi kujibiwa.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, ndugu yangu. Alisema nikusalimu."