Kuwatafuta akina Jones: uzoefu wangu na Maktaba ya Taifa ya Wales

Wakwe zangu ni akina Jones wa bonde la Rhondda, kusini mwa Wales. Anayeijua kazi ya kutafuta ukoo akisikia hivyo anakupa pole kabla hujaanza. Zamani Wawelsh waliitana kama sisi wa pwani: Evan ap John ni Evan mwana wa John, na mtoto wake naye akaitwa kwa Evan. Walipokuja kushika majina ya kudumu, wengi wakaangukia yaleyale machache: Jones, Davies, Williams, Evans. Mtafute John Jones kwenye sensa ya 1881 uone.

Tulianza na tovuti moja ya kulipia. Ikatuchorea mti wa ukoo wa kupendeza kweli, wenye bibi aliyezaa akiwa na miaka tisa. Tukaacha kulipa.

Kilichotufaa ni tovuti ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa iliyoko Aberystwyth. Ni bure, na ina kurasa zaidi ya milioni moja, hadi 1919. Ujanja ni kuachana na jina la ukoo. Andika jina la shamba, mtaa au kanisa. Kwa njia hiyo tulipata tanzia ndani ya Tarian y Gweithiwr, gazeti la wafanyakazi lililochapwa Aberdare. Ni la Kiwelsh, kwa hiyo mama mkwe alivaa miwani akatusomea. Tanzia za enzi zile hazina haraka: nani alihubiri, nani aliongoza sala, na chini kabisa, marehemu ameacha kaka huko Scranton, Pennsylvania. Wachimba makaa wengi wa Wales walihamia huko.

Kaka huyo tulimkuta FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, nako ni bure. Aliyemwandika ni mjukuu wa mjukuu wake. Tukamtumia ujumbe. Jibu lilikuja tukiwa tumeshakata tamaa, likiwa na picha za Biblia ya familia: kurasa za mbele zimejaa tarehe za kuzaliwa, na juu yake jina la shamba huko Cardiganshire, magharibi mwa Wales.

Nikarudi maktaba. Wasia za Wales zilizothibitishwa kabla ya 1858 zimewekwa mtandaoni, picha zenyewe, bila malipo. Wa shamba lile upo. Binti kaachiwa ng'ombe, kifungua mimba kaachiwa shilingi moja. Mama mkwe ameshikilia kujua huyo kijana alikosa nini.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mashine inayosoma magazeti: wino ukififia kidogo tu inavuruga herufi, na jina unalolitafuta linakupita hivihivi. Na kama ukoo wako ni wa akina Jones pia, pitia kwanza faharasa ya waliozaliwa iliyo kwenye tovuti ya GRO, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo vya Uingereza na Wales. Inaonyesha jina la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, na hapo ndipo utakapowatenganisha.