Mashine ya masikio ya Mzee: ya elfu 40 na ya dukani kwa wataalamu, tumezijaribu zote

Kila nikienda kwetu Wete, Pemba, watu wananiuliza ile mashine ya masikio ya Mzee nimeipata wapi na ni shilingi ngapi, basi leo nawajibu wote kwa pamoja, mnistahamilie kwa urefu.

Mzee wangu seremala, zaidi ya miaka 30 kasimama mbele ya randa ya umeme bila ya kitu masikioni. Ukimwita kwa sauti ya kawaida haitiki, ukipandisha kidogo "sema kwa sauti we mtoto!", ukipandisha tena "mbona unanigombeza, mie kiziwi?" Nyumba nzima tukajua ni ukali wa uzee tu, kumbe ndo maradhi yenyewe yalivyo, ntafika huko.

Kwanza nikafanya ujinga. Nikanunua kidude duka moja Darajani, elfu 40, boksi lina picha ya babu anacheka. Wanakiita mashine ya kusikia lakini ni kikuza sauti basi, kina kigurudumu cha kupandisha na kushusha. Mzee kakivaa Ijumaa, feni ya msikitini ikawa inamvumia kama boti ya mashine, hutuba hakuambulia neno, na kila akigeuza shingo kidude kinapiga filimbi mpaka wa safu ya mbele wakageuka. Akakivua akakitia mfukoni, hajakiuliza tena. Nyota moja, na hiyo kwa ajili ya lile boksi maana Mama anatilia pini.

Ndo nikampandisha boti akaja mjini, tukaenda kliniki moja ya masikio, jina sitolitaja kwa sababu kasoro zao pia ntazisema. Dada wa vipimo akampa shikamoo yake, akamchungulia kwa kitochi, akatoa taka zilizoshindiliwa huko ndani. Mzee na vijiti vyake vya pamba, kumbe vile vinasukuma, havitoi. Halafu akamtia kwenye kachumba ka sponji, hedifoni kichwani, kitufe mkononi, ukisikia mlio hata uwe mdogo vipi bonyeza. Mzee hataki kushindwa, akawa anabonyeza hata kukiwa kimya! Dada akacheka, "Baba, mtihani huu hauna kufeli," wakaanza upya.

Matokeo yanatoka kwenye karatasi inaitwa odiogramu, kushoto sauti nzito za 250 hezi (mitetemo kwa sekunde), kulia zile nyembamba mpaka 8,000. Wa Mzee mstari ulikwenda vizuri tu kwenye nzito, ulivyofika 4,000 ukaporomoka mpaka desibeli 70 (kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani mlio upandishwe mpaka hapo ndo ausikie. Dada akaziba mdomo kwa karatasi ili asisomwe midomo, akasema rudia ninachosema. "Sita." Mzee: "Tita." "Pasi." Mzee: "Pati." Na anajibu kwa uhakika kabisa, ndo kilichoniuma. Irabu ni sauti nzito anazipata zote, kwa hivyo anajua unasema naye, ila s na sh na f ziko juu kule kulikobomoka, anachopata ni maneno yaliyong'oka meno. Sasa kile kidude changu kilikuwa kinapandisha kila kitu, na feni, sauti yake nzito, yeye alikuwa anaisikia tangu mwanzo.

Dada akatueleza kwamba ndani ya koklea, kile kikonokono cha sikio, mna seli zenye vinywele kama 15,000 kila upande, za sauti nyembamba zimekaa mlangoni, na zikifa hazioti tena. (Nilivyorudi nikasoma mtandaoni kwamba za kuku zinaota, watafiti waligundua miaka ya 1980. Kuku!) Zikishakufa, sauti ndogo hazisikiki kabisa lakini sauti kubwa inafika na ukubwa wake ule ule, kwa hivyo baina ya "sisikii" na "unaniumiza" panabaki nafasi ndogo sana. Jamani niliona haya, miaka yote tunamwita mkali.

Na randa ndo chanzo kikubwa. Kelele za desibeli 85 wanasema mwisho masaa manane kwa siku, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu, sasa mashine za randa hufika 100, piga hesabu utaona ni dakika 15. Mzee alikuwa anawasha asubuhi anazima alasiri.

Tukachukua mbili za dijitali, zinakaa nyuma ya sikio, milioni moja na laki nane kwa jumla, tulichanga ndugu wanne. Ghali, sikatai. Ila zinawekwa kwa kompyuta kufuata ile karatasi yake yeye, zinapandisha nyembamba, nzito zinaziacha, na ukelele ukizidi zinaubana. Tulivyotoka nje akapita muuza kahawa, Mzee akasimama njiani. "Kumbe bado wanagonga vikombe? Mie nilidhani siku hizi wameacha."

Wiki mbili za mwanzo alilalamika sana, ati kandambili zake zina kelele, ati anajisikia anavyotafuna. Dada alishatwambia ubongo unataka wiki kadhaa kuzoea, avae kidogo kidogo aongeze, na ndo ilivyokuwa. Barazani wakisema watu watano kwa pamoja bado anapotea, hilo msidanganywe na mtu.

Kasoro sasa. Miadi saa tatu asubuhi tumeingia saa saba, bila hata samahani. Halafu habari ya betri walitwambia tukishalipa, ni zile namba 312 zenye kibandiko cha kahawia, moja kwa Mzee haipiti wiki, na zinatumia hewa kwa hivyo ukibandua kibandiko ngoja dakika moja ndo utie. Unyevu wa kwetu nao, usiku azilaze kwenye mkebe wenye vile vipakti vya kukausha. Kliniki nawapa nyota nne, ya tano wameila wenyewe kwa kutuweka kwenye benchi.

Wete betri nimeulizia madukani sikupata, kwa hivyo kama kuna mtu anavuka wiki hii aniambie, nna pakti mbili nataka zimfike Mzee kabla ya Ijumaa.