Kamera mtego kwa miezi saba: mapitio ya kifaa, msituni na kando ya kinamasi

Kamera mtego ni kifaa kinachofungwa kwenye shina la mti na kuachwa hapo kwa wiki au miezi, kikipiga picha kila mnyama anapokatiza mbele yake. Nimetumia kamera mbili za aina moja kwa miezi saba, moja ndani ya msitu na nyingine ukingoni mwa kinamasi kinachopakana na msitu huo, nikiwa na swali moja tu: kwa nini wanyama ninaowakuta mahali fulani siwakuti nikisogea hatua mia mbili? Jina la kampuni silitaji, kwa sababu kamera nyingi za daraja la kati zinatumia kanuni ile ile, na mengi nitakayoyaeleza yatamhusu msomaji hata akinunua ya mtengenezaji mwingine.

Ni vyema kuelewa kwanza jinsi kamera hii inavyomtambua mnyama, maana uzuri na udhaifu wake wote unaanzia hapo. Mbele yake kuna kihisi kinachopokea miale ya joto, na kihisi hicho huamsha kamera pale kitu chenye joto tofauti na mazingira kinapopita kutoka upande mmoja wa uwanja wake kwenda mwingine. Kwa hiyo mnyama anayekatiza njia hunaswa kwa urahisi, ilhali anayeijia kamera moja kwa moja huweza kukaribia sana kabla ya kuhisiwa. Mchana wa jua kali, joto la ardhi linapokaribia joto la mwili wa mnyama, kihisi huwa kizito. Mimi nililigundua hilo baada ya wiki ya tatu, nilipoona kwamba picha zangu za adhuhuri zilikuwa chache mno, na ilinibidi nijizuie kuandika kwamba wanyama wa pale hulala mchana.

Msituni kamera imenipa zaidi ya nilivyotarajia. Niliifunga usawa wa goti, ikitazama gogo kubwa lililoanguka miaka mingi iliyopita, lililolainika upande mmoja na kuota uyoga ubavuni. Usiku panya walikuwa wakikimbia juu yake kana kwamba ni barabara, kwa sababu kwenye gogo hakuna majani makavu ya kuwatangaza kwa maadui. Alfajiri moja nungunungu alipita chini yake, mahali gogo lilipoinuka kidogo kutoka ardhini, miiba ikigusa ubao kwa juu. Jioni nguchiro alikuja akachimbua sehemu iliyooza, na katika picha tatu zilizofuatana anaonekana ameingiza pua hadi machoni, kisha ametoa kitu kinachofanana na jongoo, kisha hayupo. Wiki tatu baadaye niliihamisha kamera hiyo hatua arobaini, chini ya miti ya aina ile ile na kivuli kile kile, lakini mahali pasipo na gogo wala kichaka, na picha zikapungua sana. Mahali pawili hapatoshi kuthibitisha kanuni, lakini nilichokiona kinaafikiana na kile ambacho watafiti wa misitu wamekisema kwa muda mrefu, kwamba mti uliokufa ni ghala la chakula, maficho na njia kwa wakati mmoja, na kwamba msitu unaofagiliwa magogo yake hupoteza wakazi ingawa miti iliyosimama haijaguswa.

Umbo la msitu lina uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1961 watafiti Robert MacArthur na John MacArthur walionyesha kwamba, katika misitu waliyoipima, wingi na mchanganyiko wa spishi za ndege ulitabirika vizuri zaidi kwa kuangalia jinsi majani yalivyopangwa kwa tabaka kutoka chini hadi juu kuliko kwa kuhesabu aina za mimea. Ndege hutafuta pa kutua, pa kujificha na pa kuwindia, na kila tabaka humpa nafasi hiyo ndege wa namna yake. Hapa ndipo kamera mtego inapofika mwisho wa uwezo wake, kwa kuwa huona tabaka moja tu, lile la chini. Gogota anayetoboa tundu kwenye mti mkavu ulio wima, pamoja na bundi, popo na hondohondo, ambao wanaweza kulala au kuzalia katika matundu ya miti wasiyoweza kuyachonga wenyewe, wote wanaishi juu ya kichwa cha kamera. Anayetaka kujua jamii nzima ya wanyama wa msituni aongeze kinasa sauti, au apande na kufunga kamera nyingine juu, jambo ambalo linahitaji kamba, ujuzi na mtu wa kushikilia kamba hiyo.

Kinamasini kamera ilinitesa. Siku nne za kwanza ilijaza kadi ya kumbukumbu kwa picha za matete, kwa kuwa matete yaliyopigwa na jua yakitikiswa na upepo humdanganya kihisi kwa urahisi. Nilikata machache yaliyokuwa karibu na lenzi, nikaigeuza kamera isitazame machweo, nikapunguza wepesi wa kihisi kwa daraja moja, na kero hiyo ikapungua. Kero ya pili haikuwa na dawa: vyura, kenge na samaki, ambao joto la miili yao hufuata joto la mahali walipo, hawakuiamsha kamera hata walipopita mbele yake. Usiku mmoja nilisimama pale nikawasikia vyura wa sauti zisizopungua tatu wakiimba hatua chache kutoka kwenye kamera, na kesho yake kadi ilikuwa na picha moja tu, ya kulastara aliyekuja kuwala.

Ndege wa majini, hata hivyo, walipigwa picha vizuri sana, na kwao nilijifunza jambo lililonifurahisha kuliko yote. Niliwahi kuchomeka mti wenye alama za sentimita mbele ya kamera, kwa ajili ya kupima kina cha maji. Maji yalipokuwa mengi, aliyesimama karibu na mti ule alikuwa kulastara mwenye miguu mirefu, na ndege wadogo wa tope hawakuonekana kabisa. Maji yalipopungua hadi alama za chini, kulastara alisogea kuelekea katikati ya kinamasi, na mahali pake pakashikwa na ndege wa miguu mifupi wanaodonoa matope. Kinamasi kilikuwa kile kile na kamera haikusogezwa, lakini maji kushuka kwa kiasi cha kiganja kulibadilisha wageni wake. Kina cha maji na muda yanaokaa kabla ya kukauka ndivyo vinavyoamua mengi katika ardhioevu: kidimbwi kinachokauka kila mwaka hakishikilii samaki, na kwa kuwa samaki hula viluwiluwi, kidimbwi hicho huwa kitalu salama kwa vyura ambao wasingefanikiwa kwenye bwawa la kudumu, ilimradi viluwiluwi wawahi kuota miguu kabla maji hayajaisha.

Kuhusu kifaa chenyewe, betri nane za lithiamu zilidumu muda mrefu kuliko za alkali, na ningemshauri mtu asibane matumizi hapo. Mwanga wa usiku wa kamera hii hauonekani kwa macho, jambo linalowapa wanyama amani, ingawa hauangazi mbali kama ule unaoacha mng'ao mwekundu. Ulinzi dhidi ya maji ndio ulionivunja moyo: mpira wa mlango wa kamera ya kinamasini ulilegea mwezi wa tano, ukungu ukatanda ndani ya lenzi, na nikapoteza picha za siku kumi na moja. Muuzaji alinijibu kwamba kifaa hicho kinastahimili mvua. Hakikunyeshewa zaidi ya kile cha msituni, kilikaa tu mahali penye mvuke usiku kucha, na kifaa kinachouzwa kwa ajili ya wanyamapori kingepaswa kulistahimili hilo. Sasa ninaweka pakiti za kunyonya unyevu ndani na kupaka mpira mafuta ya silikoni kila ninapobadilisha kadi.

Kasoro kubwa zaidi haimo kwenye mpira. Kamera hii huandika chini ya kila picha tarehe, saa, joto na hata umbo la mwezi, lakini haina mahali pa kuandika chochote kuhusu mahali ilipofungwa, nami naamini picha isiyo na maelezo ya mahali hueleza nusu tu ya habari. Mimi hutumia daftari. Kila kamera ina ukurasa wake wenye kivuli cha miti kwa makadirio, tabaka za mimea, idadi ya magogo ndani ya hatua ishirini, kina cha maji, na umbali hadi ukingo wa msitu. Kipimo hicho cha mwisho nisingekiacha kwa lolote. Karibu na Manaus nchini Brazili, mradi ulioanza mwaka 1979 umefuatilia vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100, na umeonyesha jinsi upepo, mwanga na ukavu vinavyopenya kutoka ukingoni, na jinsi ndege wanaofuata misafara ya siafu wanavyotoweka kwenye vipande vidogo.

Kwa mtu anayetaka kujua wanyama gani wa damu moto hupita mahali fulani, hasa usiku, sijatumia kifaa kingine kinachoifikia kamera hii, na nitanunua ya tatu. Kwa anayesoma vyura au wadudu, ningemshauri atumie fedha zake kwa kinasa sauti, wavu na tochi. Ipo njia ya kati ambayo sijaijaribu vya kutosha: kamera inaweza kuwekwa ipige picha kila baada ya dakika tano bila kusubiri joto lolote, ingawa hula betri na kujaza kadi upesi. Mvua zikianza nitaifunga hivyo juu ya kidimbwi kinachokauka, ikitazama chini, pale nilipowasikia vyura wale.