Ofisa usalama kazini: Ghuba au Kanada?

Ukiwa na cheti cha NEBOSH (cheti cha Uingereza cha usalama na afya kazini), mlango wa karibu ni Ghuba. Matangazo mengi ya kazi za Doha na Dubai yanakitaja kwa jina, na kwa kawaida viza hushughulikiwa na mwajiri. Wakala akikudai "hela ya viza", kimbia. Kanada unajilipia mwenyewe: mtihani wa Kiingereza, tathmini ya vyeti, ada za maombi, na mara nyingi akiba ya kuonyesha benki.

Mshahara wa Ghuba haukatwi kodi ya mapato, na nyumba mara nyingi ni juu ya kampuni. Toronto, kodi ya nyumba peke yake itakutoa jasho.

Jasho lenyewe liko Qatar. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi za juani husimama saa 4:00 asubuhi hadi 9:30 alasiri, na kipimo cha WBGT (kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo) kikipita nyuzi 32.1 za Selsiasi, husimama saa yoyote. Anayetamka "simama" ni wewe, huku lori la zege likisubiri na fomeni amekukazia macho. Kanada mfanyakazi ana haki kisheria kukataa kazi ya hatari, lakini waajiri wengi wanataka CRSP (cheti cha Kanada cha mtaalamu wa usalama kazini), kwa hiyo wengi wetu huanzia chini.

Kijana mwenye nyumba ya kumalizia Kibaha, miaka 3 ya Ghuba inamtosha. Mwenye watoto wa shule atazame Kanada: mkazi wa kudumu anaweza kuomba uraia baada ya kuishi nchini siku 1,095.